Napenda Vinavyometameta

Magu ni mji wa barabarani. Mabasi ya Musoma na malori ya Sirari yanapita katikati yetu usiku na mchana, na sisi tunaoishi kando ya lami tumezoea kuulizana swali moja juu ya kila kitu: faida yake nini? Ukipanda mti usiozaa matunda, faida yake nini. Ukienda mjini bila mzigo wa kuuza, faida yake nini. Swali lenyewe si baya. Wakulima wa pamba wamefundishwa kupiga hesabu na bei ya pamba. Ila likinifikia mimi linakwama. Mimi ni fundi cherehani, mtu mzima mwenye wajukuu, mzaliwa wa Ukerewe niliyeletwa Magu na ndoa, na mambo ninayoyapenda kuliko yote ni njiwa, ndege wa porini wenye madaha, mashindano ya urembo na ngoma za Kisukuma za Bujora. Hakuna hata moja linaloinjika sufuria jikoni.

Njiwa sikuwataka. Walikuwa wa mwanangu wa kiume. Alipokwenda shule ya bweni aliniachia banda la mbao lililopigiliwa juu ya nguzo nyuma ya nyumba, na agizo moja tu: "Mama, usiwale." Nikamwambia tutaona. Kwetu supu ya njiwa ni ya wagonjwa na waliotoka kujifungua, na mimi sikuwa mgonjwa, lakini mwisho wa mwezi mtu anaweza kujipa ugonjwa. Kilichowaponya ni umeme. Ukikatika, naacha ile cherehani ya umeme dukani na kuhamia uani kwenye cherehani ya miguu, na hapo kila nikiinua macho kukata uzi naliona banda.

Ukikaa na njiwa muda wa kutosha unagundua kwamba kazi yote ya kujionyesha ni ya dume. Anavimbisha shingo, anazunguka mahali pamoja, anainama, anaburuza mkia chini mpaka vumbi linatimka, huku ananguruma peke yake. Jike anadonoa mtama. Anadonoa tu. Dume akimkata njia, anapitia upande wa pili. Kuna siku dume anahangaika hivyo mpaka namaliza kupiga overloki kaptula za shule, halafu jike anarukia juu ya bati na kumwacha na vumbi lake. Asubuhi nyingine, bila dume kubadili hata hatua moja ya mchezo wake, jike yule yule anamkubali, na wakishakubaliana hawaachani kirahisi.

Mayai ni mawili. Wanayalalia kwa zamu siku kama 18: dume anaingia asubuhi jua likishapanda na kukaa mpaka alasiri, jike anashika jioni mpaka kesho yake. Mama mkwe wangu alipoliona hilo alicheka akasema kumbe wanaume wa namna hiyo wapo, ila Mungu amewapa mabawa. Vifaranga wakianguliwa hawapewi nafaka siku za mwanzo. Baba na mama, wote wawili, wanawatapikia maziwa mazito yanayotengenezwa kwenye gole, ule mfuko wa chakula shingoni. Nilidhani mwanangu ananitania aliponiambia, mpaka nilipopanda ngazi nikamwona dume mdomo wake umemezwa na mdomo wa mwanawe.

Lakini kilichonikamata kabisa ni ile shingo. Ina kijani na zambarau zinazohama kila anapogeuka, sawasawa na ile satini ya rangi mbili ambayo ukiitandika mezani ni kijani, ukiiinua dirishani ni zambarau. Nilikuwa nimeishona satini hiyo kwa miaka bila kujiuliza inafanyaje. Njiwa ndiye aliyenifanya niishike, niivute uzi mmoja mmoja, nione kumbe nyuzi za mtande, zinazokwenda urefu, ni rangi moja na za mshindio, zinazokatiza, ni nyingine. Ya njiwa ni ufundi mwingine: unyoya umepangwa tabaka nyembamba zinazouchezea mwanga, na jicho linaona rangi isiyopakwa na yeyote.

Majirani walinisema. Njiwa kwetu ni mchezo wa wavulana, wanaowabadilishana na kuibiana. Mwanamke wa rika langu akionekana juu ya ngazi anasafisha banda, wanauliza mjane huyu ana nini. Mimi huwajibu kwamba nafuga, wala siongezi neno. Jozi nikiiuza naiuza, na mbolea naipeleka kwenye mchicha, ila nisingependa mtu adhani ndiyo sababu.

Yule kijana amekua, akaenda kusomea mambo ya wanyamapori katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Simu zetu zikawa za ndege. Nilikuwa namweleza ninachokiona huku, naye ananieleza vitabu vinasemaje. Nikamwambia habari za yule ndege wa majarubani ambaye kiangazi ni wa kahawia, hutamtofautisha na shomoro, lakini mvua zikikolea na mpunga ukisimama dume lake linavaa nyekundu na nyeusi, linaruka juu ya mpunga limetunisha manyoya mpaka linaonekana duara. Nikamwambia pia habari za fumbwe, yule mdogo mwenye mkia mrefu kuliko mwili wote, anayeelea juu ya majani na kurusha mkia ule juu na chini. Jike la fumbwe hutaga katika viota vya ndege wengine, wakalea wao. Kwa hiyo bwana hana shughuli nyumbani, kazi yake ni kupendeza.

Ndipo akanitumia habari moja ambayo nimeisimulia kwa kila mteja aliyekaa kwenye benchi langu kusubiri kupimwa. Mwaka 1982 Mswidi mmoja, Malte Andersson, alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya Kinangop, nyanda za juu za Kenya. Huko kuna ndege weusi wa jamii ya yule wa majarubani ambao madume yao huota mkia wa karibu nusu mita. Aliwakamata madume 36. Wengine akawakata mikia ikabaki mifupi. Vipande alivyovikata akavigandisha kwa gundi kwenye mikia ya wengine, ikawa mirefu kuliko Mungu alivyowapa. Wengine tena akawakata na kuwagandishia mkia wao wenyewe, urefu ule ule, ili kama gundi na mkasi vina shida yake ionekane. Akawaachia. Kisha akaenda kuhesabu viota vipya katika eneo la kila dume. Waliorefushiwa ndio waliopata majike wengi. Na waliofupishiwa hawakunyang'anywa maeneo yao na madume wenzao, maana yake mkia ule haukuwa wa vita. Ulikuwa wa kutazamwa.

Nilimpigia usiku ule ule. Nikamwambia mwanangu, huyu bwana ni fundi. Si kwa kukata na kuunga tu, hilo hata mwanafunzi wangu analiweza. Ufundi wake ni wale aliowakata na kuwarudishia mkia wao. Mimi mteja akirudi kuniambia gauni limependwa harusini, nasema ni ile lesi. Kumbe pengine ni kimo chake, au ni siku ile alicheka sana. Nilikuwa sijawahi kuitenga lesi peke yake. Tangu hapo nina mchezo wangu: nashona magauni mawili ya kitambaa kimoja na kipimo kimoja, moja naliongezea pindo refu la nyuma, moja naliacha, nayatundika mlangoni pande mbili, halafu nakaa na chai yangu nione wapita njia wanageuzia shingo upande gani. Kesho yake nayabadilisha pande, maana watu wanaotoka sokoni na wanaokwenda sokoni hawatazami kwa jicho moja. Binti ninayemfundisha kazi alidhani nimechanganyikiwa. Sasa anashika daftari.

Niliyoyaona kwenye daftari lile si ya ajabu. Pindo refu linageuza shingo za watu, lakini linaloingiza mtu dukani ni lile fupi. Wanalitazama moja wananunua jingine.

Sasa kuna ndege mmoja ambaye nampenda na simfugi, na hapa nitasema kidogo kwa ukali. Ni kasuku mdogo wa kwetu, wa kijani, kichwa cha chungwa kinachofifia kuwa hudhurungi, mdomo mwekundu, na duara jeupe kuzunguka jicho utadhani amepakwa wanja mweupe. Wataalamu wanamwita kwa jina la Mjerumani Gustav Fischer, msafiri wa karne ya 19. Makazi yake ya asili ni hapa hapa Tanzania, kusini na kusini mashariki ya Ziwa Victoria, kwenda mpaka Serengeti. Ulaya na Marekani wanamjua kuliko sisi, wanamzalisha ndani mpaka wametoa wa bluu. Miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa sana kuliko wengine duniani, na mitego iliwekwa huku kwetu. Ulaya ilifunga mlango kwa ndege wa porini mwaka 2007, na mwaka 2016 serikali yetu ikasimamisha kupeleka wanyamapori hai nje ya nchi.

Kijana mmoja alinijia dukani na boksi la sabuni lililotobolewa matundu. "Shikamoo mama. Nimesikia unapenda ndege." Ndani walikuwa wanne wamejikunyata pembeni. Nikamwuliza kibali kiko wapi, kwa sababu sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haichezi na mtu mwenye ndege wa porini ndani ya boksi. Akasema mama, hawa ni ndege tu. Nikamwambia hao ni kesi zenye manyoya. Tukafungua boksi pale pale, wakarukia mwarobaini, wakapiga kelele, wakaenda. Kijana nikampa chai na maandazi, akawa mnyonge, akaniambia anapotega. Sasa ananijia mtama ukianza kukomaa kuniambia wameingia shamba gani.

Wenye mashamba wanawaita wezi, na ni kweli wanaiba. Mimi naomba ruhusa ya kukaa chini ya mti asubuhi na mapema, wanapokuja kwa makundi, wawili wawili kila kundi, wanabembea kwenye masuke wakila na kuchezeana shingo. Dume na jike wamefanana kabisa, hakuna aliyejipamba zaidi. Mwanangu alitaka nimweleze kwa nini hawa wanaume hawajirembi. Nikamwambia hilo ni swali lako la mtihani, mimi nimekaa tu kutazama.

Kutoka kwa ndege kwenda kwenye mapambo ya watu ni hatua fupi, na mara nyingine ni ndege yule yule. Nikienda Mwanza kununua vitambaa Makoroboi, lazima nipitie Kirumba, mwaloni, kuwaona korongo wakubwa wa kipara. Wanasimama juu ya mabanda ya dagaa na kusubiri utumbo wa samaki wakiwa na sura za wazee wa baraza. Kipara chao kina kazi: anayeingiza kichwa kwenye mzoga hahitaji manyoya ya kushika uchafu. Na zile soksi nyeupe miguuni ni kinyesi chao wenyewe, wanajimwagia ili wapoe joto. Sasa sikiliza. Zile nyuzi nyeupe laini zinazopamba kola za magauni ya usiku ya Ulaya, zile za wacheza filamu wa zamani, ziliitwa marabou, kwa jina la ndege huyu, kwa sababu mwanzoni zilitoka kwake, chini ya mkia na chini ya mabawa. Siku hizi ni za bata mzinga. Nilipolijua hilo nilisimama pale mwaloni nikamtazama mmoja anavyogombea kichwa cha sangara, nikamwonea fahari.

Urembo wa namna hiyo ulikuwa na gharama. Kofia za wanawake wa Ulaya zilimaliza ndege wengi mno, na chama kikubwa cha kulinda ndege cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1889 na wanawake waliokataa kuzivaa. Mimi kwenye kazi yangu natumia manyoya ya jogoo, nayachovya rangi. Wateja wakitaka ya tausi nawaambia subirini: dume la tausi linadondosha vazi lake lote kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, wenye tausi wanaokota tu. Mnakumbuka mwaka 2020, Rais Magufuli alipowapa marais wastaafu na Mama Maria Nyerere zawadi ya tausi wa Ikulu? Nchi nzima ilizungumzia tausi. Dukani kwangu watu walibishana wanakula nini na wanalala wapi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza faida yake nini.

Kuhusu mashindano ya urembo nitasema upesi, kwa sababu wengi wenu mna maoni yenu na hamtayabadilisha kwa ajili ya fundi wa Magu. Shindano la kwanza la Miss Tanzania lilikuwa mwaka 1967, mwaka uliofuata likapigwa marufuku kuwa si utamaduni wetu, likarudi mwaka 1994. Nilikuwa kijana, nikaanza kukata picha magazetini na kuzibandika ukutani juu ya cherehani. Nancy Sumari alipokuwa Miss World wa Afrika mwaka 2005, kule Sanya, China, picha yake ilikaa pale mpaka jua likaila. Padri mmoja aliwahi kuingia kuchukua kanzu akaiona, akaniuliza kama hiyo ni sala. Nikamwambia baba, tazama mshono wa kiuno. Akautazama. Ninachokitafuta mimi kwenye jukwaa lile si nani mzuri. Nataka kujua nguo iliyotulia mtu akiwa amesimama itafanya nini akigeuka, zipu itashika wapi, bitana itachungulia upande gani. Wasichana wenyewe wanatembea hatua chache tu, wanageuka, wanarudi. Lile geuko ndilo linaloipima kazi ya fundi.

Lakini ukiniambia nichague kimoja, jukwaa la Dar es Salaam na uwanja wa Bujora, nitapanda gari la Kisesa kabla hujamaliza kuuliza.

Bujora ni mlima mdogo juu ya Kisesa, wilaya yetu hii hii ya Magu, ukikaribia Mwanza. Kuna kanisa, na kuna makumbusho ya Wasukuma ambayo kazi yake ilianzwa miaka ya 1950 na Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Yeye aliziona ngoma ambazo wengine walitaka zizimwe, akazikaribisha mpaka mlangoni pa kanisa. Bulabo, tamasha la mashindano ya ngoma la hapo Bujora, inafanyika karibu na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, mara nyingi Juni, mavuno yakiwa ndani. Na wanaoshindana ni pande mbili, Bagika na Bagalu. Wasimulizi wanasema zilitokana na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali ya kuvuta watu. Familia nyingi za Kisukuma zina upande wao. Mimi Mkerewe nilikuja sina upande, nikafanywa Bagalu kwa kuolewa. Mama mkwe, aliyezaliwa kwa Bagika, hajawahi kuusamehe ukoo alioolewa.

Sheria ya mashindano ndiyo iliyonimaliza. Hakuna meza ya majaji. Pande mbili zinacheza wakati mmoja, huku na huku uwanjani, na watazamaji wako huru kukimbilia wanakotaka. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Basi. Huku ngoma inalia, njuga zinatikisika, mtu anatoa chatu na kumvaa shingoni, umati unahama wote kwa mbio. Kule wanaona wanakimbiwa, wanaleta majembe, wanayarusha juu na kuyadaka wakiwa kwenye mstari mmoja wa bugobogobo, umati unarudi. Vumbi linapanda mpaka huoni mwisho wa uwanja. Kila kundi lina siri zake, vioo, vinyago, vitu vya kuchekesha vilivyofichwa chini ya turubai tangu jana, na kiongozi mzuri hatoi kila kitu mapema. Nimewaona waliotoa nyoka saa ya kwanza, na mchana hawana cha kuongeza, wanabaki kucheza na watoto wao wenyewe.

Mara za mwanzo nilikimbia na umati. Unaishia kuona migongo. Baadaye nikaanza kusimama katikati, mahali palipoachwa wazi kati ya pande mbili, na pale nikaona jambo ambalo mkimbiaji halioni: umati hauhami kwa sababu ya kitu kikubwa zaidi. Unahama kwa sababu ya kitu kilichobadilika. Ngoma kali iliyodumu nusu saa inapoteza watu kwa mtu mmoja wa upande wa pili aliyesimama ghafla kimya, mkono juu. Nilimweleza mwanangu, akaniambia niiandike vizuri, inafaa. Nikamwambia aandike yeye, mimi nina sare za kwaya za kumaliza.

Ngoma zile zilinifikia dukani pia. Alikuja kiongozi wa kundi moja la Bagika, mzee mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Karibu kiti."

Alitaka mavazi ya wachezaji wake, mekundu na meupe, na akataka yametemete mwili mzima. Nikamwambia tutafanya, ila kwanza acheze. Akanitazama. Nikamwambia baba, mimi nashonea mwendo. Nikamfunga kitambaa chekundu kiunoni kwa pini, kingine cha kumeta nikamtia mikononi tu, nikavuka barabara ya lami nikasimama upande wa pili kwenye kibanda cha vocha. Mzee akaanza taratibu, akijiona mjinga mbele ya wauza nyanya. Kisha damu ikamkumbusha. Aliinua mikono, kile kitambaa cha kumeta kikashika jua, na lori la Sirari likapiga honi, utingo akatoa nusu ya mwili dirishani. Watoto wakaja. Wauza nyanya wakaacha nyanya. Nilipovuka kurudi nilikuta mzozo: mwanafunzi wangu wa Bagalu anamwambia mzee hatua ile ni ya kwao, wameiba.

Kutoka ng'ambo ya barabara niliona wazi kwamba kiwiliwili hakihitaji kumeta hata kidogo. Kikimeta chote, mtu wa mbali anaona doa la mwanga, haoni mchezo. Kinachohitaji kumeta ni kile kinachokwenda: viganja, visigino, ncha ya mkia wa nyuma. Mzee hakutaka kukubali, alidhani nampunguzia mapambo. Nikamkumbusha kwamba nampunguzia na bei, akatulia. Makwapa niliyatilia vipande vya pembe nne ili mkono uinuke bila kuvuta shati lote, mkia wa nyuma nikauongeza mpaka karibu na kisigino, na chini yake nikashona ukanda mzito usipeperuke hovyo. Hilo la ukanda sikulitoa kwa wanasayansi. Nililitoa kwa kutazama vazi la kundi lingine linavyomfunika mchezaji usoni upepo ukija.

Septemba 2021, machifu walipokusanyika Kisesa na Rais Samia akapewa jina la Chifu Hangaya, nilikuwepo kwenye umati, mbali sana. Watu walikwenda kumwona Rais. Mimi nilitazama vilemba, ngozi na usinga, na nilirudi nyumbani nimechora kwenye mfuko wa khaki. Mpaka leo michoro ile naitumia.

Kwa hiyo ukitaka kuja Bulabo, sikiliza maelekezo ya mtu anayeujua uwanja. Gari za Mwanza zinazokuja Kisesa ni nyingi, shuka Kisesa, panda bodaboda mpaka juu. Njoo asubuhi upite makumbusho kwanza, uone ngoma za watemi na banda la vikundi vya ngoma, kwa sababu mchana hutapata nafasi. Vaa nguo usiyoionea huruma. Usinunue soda yote kwa mkupuo, itapata moto. Jipange katikati, usikimbie na wa kwanza kukimbia, na ukiona wazee wanageuka kabla ya vijana, wafuate wazee. Mimi utanikuta upande wa Bagalu. Ukinikuta upande wa Bagika nimekuja kukagua mishono yangu, na mama mkwe asiambiwe, atasherehekea mwezi mzima.